Albamu zinarudi giza: kisa cha monita moja ya studio Mwanza

Mazingira

Studio yenyewe ipo katikati ya jiji la Mwanza, ghorofani, jina na mtaa naviacha na vitu vingine vidogo nimevigeuza ili mwenyewe asije kusumbuliwa na mtu. Kazi zao ni hizi hizi za studio za huku kanda ya ziwa, harusi, sendofu, kichen pati, kipaimara, mahafali, na siku za kawaida picha za pasipoti. Jumamosi jioni wapo ufukweni na maharusi, mawe nyuma, maji nyuma, jua linazama, unazijua zile picha. Kuanzia Jumapili usiku ndo kuediti, na naomba hilo neno usiku ulishike maana tutalirudia.

Mwenye studio ni dada aliyeanza kitambo, kaajiri edita kijana mwenye mkono mzuri kwelikweli. Nasema hivyo mapema kwasababu kisa chote kilianza kwa kumlaumu yeye, na hakustahili.

Vifaa vilikuwa viwili. Kuna monita ya inchi 24, paneli ya IPS (aina ambayo rangi hazigeuki sana ukiiangalia kwa pembeni), iliyonunuliwa used, ina menyu nzuri tu ya rangi ila hakuna aliyewahi kuifungua tangu iingie ofisini. Pembeni kuna laptopu ya wastani ya kuchagulia picha. Kuprinti hawaprinti wenyewe, faili zinapelekwa kwenye labu ya picha hapo hapo mjini.

Chumba sasa. Dirisha kubwa la alumini linaangalia ziwani, na meza ilikuwa imewekwa edita akalipa dirisha mgongo, kwahiyo mwanga wote wa ziwani unapita begani kwake unatua kwenye skrini. Ukuta wa pembeni umepakwa rangi ya chungwa iliyokolea, eti inavutia wateja. Juu dari tyubu mbili, zile nyeupe za kawaida ambazo boksi lake limeandikwa 6500K, karibu kila duka la umeme linazo. Mchana chumba kinawaka, usiku kinabaki na tyubu tu.

Ilivyoanza

Albamu zikaanza kurudi na mambo mawili kwa pamoja, giza na wekundu. Mama wa bi harusi mmoja alifika na albamu kwapani, akaifungua katikati mezani akauliza, "Mwanangu mmempaka mawese?" Na ukiangalia huwezi kubisha. Sura zimeiva kupita kiasi, zina rangi ya machungwa, na suti ya bwana harusi ambayo ni bluu nzito imekuwa pande moja jeusi, huoni kola wala mshono wa mfuko. Faili lile lile ukilifungua kwenye monita, kola inaonekana, mfuko unaonekana, hadi kitambaa kina ule mng'ao wake.

Edita akatafuta njia yake ya kuokoa jahazi. Akatengeneza amri moja inayoongeza mwanga kwenye kila picha kabla ya kuitoa, zote kwa mkupuo bila kuchagua. Sura zikapanda kidogo, kweli, lakini shela zikaungua. Zile shanga na maua ya lesi kifuani, kitu ambacho fundi cherehani kakaa nacho wiki nzima, yakafutika likabaki doa jeupe. Kwahiyo sasa mteja analalamika giza chini na mwanga juu kwenye picha moja, na hapo hata mwenye studio akaanza kuchoka.

Lawama ikahamia labu. Mzee wa labu hakubishana, alisema tu mashine anaipima kila asubuhi kabla ya kazi ya kwanza, leteni faili la majaribio. Likapelekwa faili lenye ngazi za kijivu kutoka nyeusi mpaka nyeupe na sura mbili tatu, likaprintiwa bila marekebisho yoyote, maana mashine za labu zina tabia ya kurekebisha zenyewe ukiziachia. Likatoka kijivu safi, halina wekundu wala ukijani. Lile karatasi likamaliza ubishi, tatizo likarudi ofisini kwao. Binafsi naona hii ndo hatua iliyookoa pesa nyingi kuliko zote na iligharimu printi moja tu. Bila hiyo watu wangehama labu, na labu mpya ingetoa giza lile lile.

Vipimo vilisema nini

Hapo ndo nikaitwa mimi fundi, nikafika na kolorimita, kale kadude kanakoning'inizwa mbele ya skrini kanasoma mwanga na rangi, pamoja na programu ya DisplayCAL ambayo ni bure na ndani yake inaendeshwa na ArgyllCMS. Nilibeba na kipima mwanga cha chumba. Monita tukaiwasha ikakaa kama nusu saa kwanza, kwasababu ikiwa ya baridi mwangaza na rangi vinatembea, ukipima mapema unapima kitu ambacho kitabadilika.

Yakazimwa kwanza yale yanayojiendesha yenyewe. Kontrasti ya kujibadilisha, hali ya kuokoa umeme, na upande wa Windows ile taa ya usiku inayoipaka skrini unjano kwa saa ilizopangiwa. Hiyo ya mwisho ilikuwa imewashwa! Yaani kijana kuna saa anaediti kwenye skrini ya bluu na saa nyingine kwenye skrini ya njano, harusi moja, usiku mmoja.

Monita ikasoma niti 268 kwenye nyeupe, yaani kandela 268 kwa mita ya mraba, na weupe wake ulikuwa karibu kelvini 7,900. Nyeusi ilikuwa niti 0.27. Kwa asiyezoea hizi namba, kelvini zikipanda nyeupe inaelekea bluu, zikishuka inaelekea njano, na D65 ambayo ndo nyeupe ya sRGB, ule mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini na picha, ipo karibu na 6,500. Hii 7,900 ni bluu ambayo huioni ukiwa umekaa nayo peke yake, jicho linaizoea nyeupe yoyote iliyotawala mbele yake, ila halizoei mpaka mwisho, na ile asilimia inayobaki ndo inamfanya edita aone sura zimepoa na kuongeza ujoto. Ujoto anaouongeza skrini inaumeza, karatasi haiumezi. Mawese ya yule mama yalitokea hapo.

Giza ni hadithi ya chumba. Mchana kwenye meza tulipata laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) 1,200 hivi, usiku na tyubu mbili tukapata 180. Kuna hesabu ndogo hapa ambayo nashangaa haifundishwi. Karatasi nyeupe inarudisha karibu asilimia 90 ya mwanga unaoiangukia, kwahiyo ukichukua laksi ukazidisha kwa 0.9 ukagawa kwa 3.14 unapata niti za karatasi hiyo. Mchana karatasi mezani kwao ilikuwa na niti karibu 340, usiku niti 52. Sasa weka skrini ya niti 268 katikati. Mchana skrini ilikuwa chini kidogo ya karatasi, wala haikuwa na shida kubwa, na ndo maana kijana aliipandisha mpaka hapo, alikuwa anapambana na jua la ziwani ili aone kitu. Ila hakuishusha jioni. Usiku skrini ile ile inakuwa na mwanga mara tano ya karatasi, kila kivuli kinajionyesha, kola inaonekana, mfuko unaonekana, yeye anaona picha imekaa vizuri au hata imezidi, anaivuta chini. Asubuhi faili linaenda labu likiwa giza tayari.

Kwahiyo kusema monita ilikuwa na mwangaza mkubwa mno ni nusu ya ukweli, ilikuwa na mwangaza wa mchana kwenye kazi ya usiku.

Maamuzi, na kwanini

Uamuzi wa kwanza haukuhusu monita. Meza ikageuzwa dirisha likawa ubavuni, likawekwa pazia zito la kijivu, na ule ukuta wa chungwa ukafunikwa shuka la kijivu upande unaotazamana na skrini. Dada hakutaka kupaka rangi upya, sawa, shuka linatosha. Ikaongezwa tyubu moja ya 6500K kama zile nyingine juu ya meza ya kukagulia printi, pale tukapata laksi 350 asubuhi mpaka usiku. Piga hesabu ile ile, karatasi inakaa niti 100. Hapo sasa ndo tulipata namba ya kulenga, na tuliipata kwenye meza yao wenyewe.

Nasisitiza hilo kwasababu ubishi ulikuwepo. Edita kwenye video fulani aliambiwa 120 ndo sheria. Mimi mwenyewe naijua 80 ambayo ndo imeandikwa kwenye sRGB, ile iliyotoka 1999, ila iliandikiwa chumba chenye mwanga hafifu sana, laksi 64, hakuna studio ya Mwanza inayofanya kazi gizani namna hiyo. Tukazijaribu zote na printi ya jaribio imesimama pembeni ya skrini. Kwenye 120 karatasi ilionekana chafu kidogo, imefifia. Kwenye 80 skrini ndo ikaonekana chafu. Kwenye 100 vikakaa pamoja.

Upande wa weupe kulikuwa na ushauri wa kwenda D50, kelvini 5,000, kwasababu vitabu vya uchapaji ndivyo vinavyosema. Vinasema hivyo kwa sehemu ambayo hata taa ya kukagulia printi ni ya 5,000. Hawa taa zao ni 6,500 na hawakuwa na mpango wa kuzibadilisha. Tuliiweka kidogo tuone, kila aliyeingia mlangoni akauliza skrini imeungua au vipi. Ukilazimisha paneli ya 7,900 ishuke hadi 5,000 unakata bluu nyingi na kijani nyingi, unabaki na nyekundu peke yake inafanya kazi kwa uzito wote, mwanga unaanguka na kontrasti inaanguka. Tukabaki na D65.

Kilichobaki ni kuvifikia viwili hivyo kwa pamoja, niti 100 na D65, na hapa ndo watu wengi wanazunguka mpaka wanakata tamaa, maana ukigusa kimoja kingine kinahama.

Kwanza elewa batani. Kwenye monita za aina hii, batani ya mwangaza inaendesha taa ya nyuma ya paneli. Ukiishusha, nyeupe na nyeusi zinashuka pamoja, uwiano kati yake, yaani kontrasti, unabaki. Zile R, G na B kwenye menyu, yaani nyekundu, kijani na bluu, haziigusi taa, zinakata rangi kwenye paneli yenyewe, zinashusha nyeupe lakini nyeusi inabaki pale pale. Kwa monita hii, kushuka kutoka 268 hadi 100 kwa taa kunakupa nyeusi ya 0.10 na uwiano unabaki karibu 1,000 kwa 1. Ukishuka kwa RGB taa ikiwa juu, nyeusi inabaki 0.27 na uwiano unaporomoka hadi 370 hivi, na usiku nyeusi yako inakuwa ya kijivu kijivu. Kuna watu wanashusha R, G na B zote tatu kwasababu macho yanauma. Wanatupa kontrasti bure. Ile batani iliyoandikwa kontrasti tuliiacha ilivyotoka kiwandani, ukiipandisha shela zinaungua kwenye skrini yenyewe hata kabla ya kuprinti.

Kwahiyo ikaanza taa. Mwangaza kwenye menyu ukatoka 90 hadi 34, ikasoma niti 109, juu ya lengo kidogo na kwa makusudi, kwasababu kurekebisha weupe kutakula mwanga. Alafu tukaingia kwenye rangi. Kwenye menyu kulikuwa na chaguo limeandikwa 6500K, ukilichagua kolorimita inasoma karibu 6,900 na ina ukijani, na RGB zinafungwa huwezi kuzigusa, tukaachana nalo tukachagua ile ya mtumiaji yenye RGB zote 100.

Kanuni ni kwamba rangi iliyo dhaifu kuliko zote inabaki 100, unakata zile zilizozidi. Hapa dhaifu ilikuwa nyekundu. Bluu ikashuka mpaka 86 na mwanga haukutikisika sana, maana kwenye sRGB bluu inachangia kama asilimia 7 tu ya mwanga wa nyeupe. Kijani ndo yenye mali, asilimia 72 hivi, nyekundu 21. Kwahiyo tulipoisogeza kijani kutoka 100 hadi 95 niti zikashuka kwa macho, tukajikuta 97. Tukarudi kwenye taa, 34 ikawa 36, ikasoma 102, weupe ukawa umeteleza kidogo, bluu ikaongezwa nukta moja ikawa 87, tukapima tena, ikakaa. Ni kwenda na kurudi namna hiyo, taa, rangi, taa, rangi, na kila mzunguko marekebisho yanakuwa madogo kuliko yaliyopita. Ukiona yanazidi kuwa makubwa, kuna kitu cha kujiendesha hujakizima.

Na usiangalie kelvini peke yake. Nyeupe inaweza kusoma 6,500 na ikawa ya kijani au ya zambarau, kelvini inakuambia bluu na njano tu. Sisi tuliangalia x na y, zile namba mbili zinazoonyesha rangi ipo wapi kwenye ramani ya rangi, tukitafuta 0.313 na 0.329 ambazo ndo D65. Sura ya mtu yenye ukijani kidogo inaonekana mgonjwa, na edita atahangaika nayo usiku kucha.

Mwisho programu ikapewa gama 2.2 (namna mwanga unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe) na kuachwa itengeneze profaili, faili linaloiambia kompyuta rangi za skrini hii zilivyo, ila kwenye weupe tukaiambia isiguse, ichukue ulivyo. Kazi ilikuwa imeshafanywa kwa batani. Ukiiachia programu ivute weupe mwenyewe, inavuta kupitia kadi ya grafiki, na kwenye mfumo wa biti 8, wenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, kila inapovuta inapoteza ngazi za rangi.

Laptopu ilikataa

Hili tuliliona kwa macho kwenye laptopu. Laptopu haina RGB kwenye menyu, ina vitufe vya mwangaza basi. Nyeupe yake ilikuwa 7,300 hivi na dada alitaka zifanane mbili zikae sambamba. Tukailazimisha kwa programu ifike D65. Namba zikakubali, lakini fungua picha ya machweo pale ziwani, lile anga linalotoka njano linaingia zambarau taratibu, likawa na mistari mistari kama ngazi. Na paneli yenyewe ni ya TN, ukiinua kichwa kidogo rangi zinageuka, kwahiyo hata ukipata weupe sahihi unaupata kwa mtu aliyekaa wima asiyetikisika.

Tukairudisha kwenye weupe wake wa asili, tukashusha mwangaza tu ukaribiane na monita. Uamuzi ukawa laptopu ni ya kuchagua picha, kukata na kupanga kurasa za albamu. Kwenye rangi haina kura. Edita alilipokea kwa shida kidogo, alizoea kuanzia huku anamalizia kule.

Matokeo

Harusi iliyokuwa imelalamikiwa ikaeditiwa upya kuanzia faili ghafi, ile amri ya kuongeza mwanga kwa mkupuo ikafutwa kabisa, kurasa chache zikaprintiwa kwanza kama jaribio. Suti ikarudi bluu. Kola ikaonekana, mfuko ukaonekana, shela ikabaki na shanga zake, na sura ya bi harusi, maji ya kunde, ikakaa kama alivyo. Mkwara wa yule mama ukaisha na albamu ikatolewa mpya kwa gharama ya studio.

Haikufanana na skrini asilimia mia, na wasitegemee. Karatasi ya picha haifiki hata robo ya uwiano wa skrini kati ya nyeupe na nyeusi, kwahiyo weusi wa ndani kabisa kwenye suti unazama kidogo kuliko kwenye monita. Edita amejifunza kuviangalia vivuli hivyo kwa jicho la wasiwasi.

Alafu kama baada ya mwezi dada akapiga simu, giza limerudi. Mwangaza wa monita ukakutwa 70. Sababu ni joto. Pazia zito likifungwa upepo wa ziwa hauingii, umeme ukikatika feni inasimama, jenereta linavuta kompyuta na taa tu, na mchana ule kuna foleni ya picha za pasipoti za wanafunzi. Kijana kafungua pazia, jua likaingia, hakuona kitu, akapandisha mwangaza. Mimi ningefanya hivyo hivyo, nani anakaa kwenye joto lile?

Likatafutwa boksi gumu la katoni, likakatwa likawa kama paa na mbavu mbili kuzunguka monita, ndani likabandikwa kitambaa cheusi. Gharama yake ni nauli ya bodaboda. Mchana pazia linafunguliwa nusu, boksi linazuia, mwangaza unabaki 36. Menyu ya monita nayo ina kufuli, unaminya batani sekunde kadhaa inajifunga, ikafungwa. Kazi za pasipoti zinafanyika mchana huo huo kwasababu pale mahitaji ya rangi sio makali, ila kuediti harusi kukabaki jioni pazia likiwa limefungwa.

Kilichofanya kazi na kilichofeli

Kilichobeba kisa hiki ni mpangilio wa hatua, printi ya jaribio ya labu kwanza, chumba pili, monita mwisho. Ukigeuza, ukaanza na kolorimita kwenye chumba chenye laksi 1,200 mchana na 180 usiku, utapata profaili nzuri sana ambayo ni sahihi saa mbili kwa siku. Nimeona studio zilizonunua kifaa cha bei mbaya zikaishia hapo hapo, kifaa kinasema sawa na albamu zinarudi giza.

Cha pili ni kulenga karatasi badala ya namba ya kuambiwa. Ile 100 ni ya meza yao. Ofisi yenye laksi 500 kwenye meza ya kukagulia itahitaji 140 na kitu, na itakuwa sahihi vile vile.

Kwa upande wa kilichofeli, pazia lilifeli kwasababu lilipangwa kwa ajili ya rangi bila kumfikiria mtu anayekaa mle ndani. Muda wa lile katoni ungeweza kuokolewa kama mwanzoni mtu angeuliza mchana mnakaaje umeme ukikatika. Laptopu ilifeli kwasababu ilipewa kazi isiyoiweza. Na kusawazisha viwili hivi visimame sambamba vikiwa sawa kabisa, hilo ningelikataa hata kwa monita mbili nzuri za aina tofauti, maana taa za nyuma zikitofautiana kolorimita inaweza kusema zipo sawa na macho yako yakasema hapana.

Kuna swali nimeulizwa na mafundi wenzangu kuhusu hiki kisa, je bila kolorimita ingewezekana? Nusu yake ndiyo. Mwangaza unaweza kuupata kwa macho vizuri tu, fungua ukurasa mweupe mtupu, shikilia karatasi ya labu isiyochapwa chini ya taa ya kukagulia, shusha taa ya monita mpaka vyote viwili vionekane na uzito mmoja wa mwanga. Ukipishana na kipimo utapishana kidogo. Weupe ndo mgumu, kwasababu jicho linazoea wakati unaendelea kulitumia, dakika tano baadae chochote ulichoweka kinaonekana cheupe. Ukilazimika, sogeza bluu kidogo, toka nje uangalie mbali, rudi, angalia karatasi kwanza ndo uangalie skrini, na kijani usiiguse kama huna kipimo. Kwa hali ya hapa Mwanza studio mbili tatu zikichanga kolorimita moja inatosha, haihitajiki kila siku, taa za nyuma zinachoka polepole.

Dada sasa anataka monita ya pili laptopu ipumzike. Ushauri aliopewa ni kwamba kabla ya kulipa aiwashe hapo hapo dukani, aingie kwenye menyu ahakikishe RGB zinafunguka moja moja, na ashushe mwangaza mpaka chini kabisa aone inashuka kiasi gani. Zipo monita ambazo kwenye sifuri bado ni kali kwa usiku, na hiyo ukiipeleka ofisini itabidi uikate kwa RGB, uwiano wake wote uondoke.